Ukuta wa Upande wa Ziwa

Odhiambo, omera, ndugu yangu,

Umekufa miaka minne sasa na bado unanisumbua kazini. Hata ulipokuwa hai ulikuwa mtu wa kuudhi, lakini angalau jioni ulikuwa unaenda kwako Nyamasaria nami napumzika.

Nakuandikia kwa sababu mkeo alikuja mjini wiki jana. Nitafika hapo.

Unalikumbuka lile jengo la ghorofa tano lililotukutanisha mwishoni mwa miaka ya themanini. Mimi fomeni, wewe fundi wa mastiki, ule mpira laini tunaojaza kwenye viungo kati ya vipande vya zege ili mvua isiingie ndani. Nilikupa upande wa ziwa kwa ubaya, leo nakwambia. Jua la alasiri linaukaanga ule ukuta, kisha dhoruba inatoka ziwani na kuupiga. Nilitaka ushindwe. Mimi na vijana wangu tukachukua upande wa barabara, ulio rahisi.

Kila asubuhi ulipanda jukwaani ukaweka shavu lako kwenye zege. Shavu. Tulikucheka hadi chai ikatutoka puani. Ukihisi umande bado upo, ulikaa tu. "Omera, wacha ukuta iamke kwanza." Ukikauka, ulifanya kazi mpaka saa nne na kitu, kisha ukashuka. Ulisema zege likishika joto hutanuka na viungo hubanwa. Ukivijaza wakati huo, usiku baridi itavifungua na mpira utavutwa hadi uachane na ukuta. Ulinieleza hayo mara mia. Nami nikamwambia tajiri mwenye jengo kwamba wewe ni mvivu, fundi wa saa mbili kwa siku. Ulipomaliza ukuta wako hukupata kazi nyingine kwetu, wala kwa wengine, maana wengine waliniuliza na nikawajibu.

Sisi tulijaza kutwa, jua likiwaka, tukipiga miluzi.

Ukafa kwa homa, kwenu Kombewa. Nilikuja mazishini, nikasema maneno mazuri, nikala nyama.

Mvua za masika mwaka huu zimepasua upande wangu wote. Maji yanashuka ndani ya ofisi za watu, rangi imevimba, faili zinaanikwa kwenye viti. Upande wako ni mkavu kabisa. Tajiri alisimama chini akaniuliza, "Hii upande inavuja ilifanywa na nani?" Wafu hawabishani, Odhiambo. Nikataja jina lako. "Na ile ingine?" Nikasema ni yangu. Akanipa mkono.

Na ningeweza kuishi na hilo, usijidanganye. Lakini wiki jana Mama Akinyi akatokea langoni na binti yenu, wametoka Kombewa alfajiri. "Shemeji, nataka huyu mtoto aone ukuta ya babake. Hana kitu ingine yake."

Tajiri alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Nikainua mkono, nikamwonyesha upande wa barabara, ule wenye ukungu na michirizi ya kutu.

Waliutazama muda mrefu. Akinyi akauliza, "Mama, mbona ni mbaya hivyo?" Mama yake akamjibu kwamba kila kitu kinazeeka. Kisha akanishukuru, akanipa mfuko wa omena, dagaa za ziwani, alioniletea. Nimezila. Zilikuwa tamu.

Jana nilipanda upande wako na kisu. Nilitaka kukata viungo vyako, vivuje, uongo wangu uwe kweli na mambo yaishe. Kisu kiliingia kidogo kikakwama. Mpira bado unavutika, umeshika zege pande zote mbili, na juu yake kuna alama ya kidole gumba chako, ulivyokuwa ukilainisha kwa maji ya sabuni. Nililia huko juu, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Nakuchukia, omera. Ningependa urudi hata dakika moja unitukane.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina ghorofa tano na bado naipanda.

Tajiri ameniamuru nikwangue upande wa barabara na kuujaza upya, "kama ile yako." Kesho naanza. Nitaweka shavu kwenye zege mbele ya vijana, nao watacheka.

Nilitaka kukuahidi kwamba nitaenda Kombewa kumwambia mkeo. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili na kuifuta mara mbili, kwa sababu ninajijua. Nakuahidi ninachoweza: sitautia kisu tena. Ukuta wako utabaki mkavu, na utaitwa wangu.

Lala pakavu, omera.

Owino