Kimto cha Lazaro

Mpanda. Jumanne, Mei 1996. Mvua zimekwisha. Asubuhi baridi, mchana jua la kuumiza macho.

Kuna jambo sijamwambia hata mama. Nampenda Lazaro, na sijawahi kumshika hata mkono. Nimeshika mguu wake tu, tena ule wa bandia.

Tangu nimalize kidato cha nne namsaidia Mjomba Simoni kwenye karakana yake ya miguu ya bandia. Lazaro ni kijana wa wafugaji wa Majimoto. Alikuwa akinywesha ng'ombe, mamba akamkata mguu chini ya goti. Mjomba alimtengenezea mwingine, lakini kimto cha ndani, kile kinachogusa ngozi, kilikuwa cha mpira mzito. Jasho halikuwa na pa kutokea. Kila mara alirudi na kidonda.

Nilimhurumia. Na nilifurahi, maana amerudi. Sijivunii kuandika hivyo.

Siku moja aliuvua mguu nikaona damu imepenya mpaka kwenye soksi. Nikaanza kujaribu kutengeneza kimto kinachopitisha hewa. Mjomba ana utomvu wa kiwandani, anauweka kwenye kopo jeusi kwa sababu ukiona mwanga unaganda. Nilikaa stoo gizani, nikautia sabuni, kisha maji, tone kwa tone, huku nakoroga. Ukiharakisha, maji yanajitenga kama maziwa yaliyokatika. Ukivumilia unapata kitu cheupe, kizito kama mtindi, kilichojaa vitone vya maji. Nikamimina kwenye kalibu, nikaweka juani. Utomvu ukaganda, maji yakanaswa ndani. Nilipokiosha na kukianika, maji yalitoka, mahali pake pakabaki vitundu. Ukipuliza upande huu, pumzi inatokea upande wa pili.

Nilijua. Kimto kikifaa, Lazaro hatarudi tena.

Nilimpa.

Leo amerudi. Hana mkongojo. Ameruka pale mlangoni kutuonyesha.

"Fundi, angalia! Hata kidonda sina."

"Wewe, usinichezee ngoma humu, utanivunjia vifaa," Mjomba akasema. "Umependeza hivyo unakwenda wapi?"

"Kesho naenda Mwese. Kuna binti kule. Baba yake alisema ng'ombe wangu wa mahari hawakatai, ila binti yake hampi mtu wa kubebwa. Nipande kile kilima kwa miguu yangu. Sasa si napanda!"

Mjomba alicheka mpaka akakaa. Lazaro akanigeukia mimi.

"Mdogo wangu, nitengenezee kingine cha akiba. Njia ya kule mawe matupu."

Mdogo wangu.

Nikaingia stoo, nikafunga mlango. Giza lilinisaidia, nililia bila kuonekana. Nilikoroga, na wazo likaja lenyewe: maji yakizidi, kimto kinakuwa dhaifu, kinamomonyoka kama chaki. Kile alichovaa tayari kimechakaa pembeni. Cha akiba kikimwangusha katikati ya kilima, angerudi Mpanda. Angerudi kwangu.

Kikombe cha maji kilikuwa mkononi. Nilikaa nacho muda mrefu.

Kisha nikaiona tena kichwani ile soksi ya damu. Nikaweka kikombe chini.

Sijawahi kukoroga polepole kama leo. Kilipokuwa juani Lazaro alikaa karibu nacho akinisimulia habari za huyo Veronika, jinsi anavyoziba mdomo akicheka. Nilipata swali moja tu: "Anaimba kwaya?" Akasema anaimba, sauti ya pili. Mimi pia naimba sauti ya pili. Nikageuza kalibu ipate jua.

Sasa kimto kinaning'inia kwenye kamba, kinakauka. Ndicho kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, na moyo unaniuma kukitazama. Atakipitia alfajiri. Nitamwambia akioshe kila jioni na akianike. Sidhani kama nitaweza kusema zaidi ya hapo.

Wewe unayesoma haya, labda siku moja utapishana na kijana njia ya Mwese, anapanda huku anapiga mluzi. Mwamkie, umpishe. Haya niliyokuandikia usimwambie, wala usimwambie mtu wa kwao. Tafadhali.

Mwache afike.