Simu Ninayo Mimi, na Wanataka Kusoma Halbadiri

Basi simu yenyewe ninayo mimi, mwanangu mshauri wa gazetini, iko ndani ya sanduku langu chini ya sanda, na leo siku ya tano mjukuu wangu anaitafuta mpaka jikoni kwenye majivu, na mimi natafuta naye, nainama uvunguni nasema hapa haipo, astaghafirullah, ndiyo maana nakuomba msaada kabla hayajanikuta makubwa. Andika hivyo hivyo, Mwanajuma, usipambe. Huyu Mwanajuma ni jirani yangu, mshonaji, ndiye mwenye kalamu, mimi shule sikwenda, nilisoma chuoni juzuu moja nikatolewa kwenda kuinga ndege kwenye mpunga, na hayo ya mpunga ni mengine.

Mjukuu wangu anaitwa Najma. Mama yake ni Saida, binti yangu wa pekee, yuko Amerika, huko Ohayo, mwaka wa kumi na moja huu, anasafisha vyumba vya hoteli. Najma nimemlea mimi tangu ana miaka tisa, sasa ana ishirini, kidato cha nne kamaliza, hapa Mlingotini analima mwani na wenzake, maji yakitoka wanaingia, yakijaa wanarudi, mtoto hana makuu, hajanijibu vibaya hata siku moja, ila tangu ulipoisha mwezi wa Ramadhani kabadilika. Akitoka kwenye mwani hajakaa kitako anaingia chumbani anafunga mlango, namsikia anaongea. Nikasema huyu ana mwanamume. Nikatega sikio, maana ukuta wetu haufichi kitu, na afadhali ningesikia mwanamume! Anauliza mwenyewe anajibu mwenyewe. Bendera ina milia mingapi? Kumi na tatu. Kwa nini kumi na tatu? Kwa sababu majimbo ya mwanzo yalikuwa kumi na tatu. Nyota ngapi? Hamsini. Maseneta wangapi? Mia moja. Halafu anarudia, polepole, kama mwalimu wa chuo anavyomrudishia mtoto mzito. Mpaka mimi nimehifadhi, niulize usiku niulize mchana, mia moja.

Nikamwita. "Najma, unaongea na nani?"

"Siongei na mtu, Bibi. Nasoma historia."

"Ya wapi?"

"Ya Amerika."

"Ya Bagamoyo umeimaliza?"

Akacheka. Nikamwuliza, kitabu sikuoni nacho, unasomea wapi? Akasema mtandaoni, Bibi, kuna maktaba zao, kuna makumbusho yao, wameweka picha na karatasi za zamani, na maswali yote serikali yao imeyaweka humo, mtu yeyote anasoma bure. Bure! Mwanangu, mimi nimekaanga samaki nikauza Bagamoyo mjini miaka ishirini na zaidi, sijaona aliyenipa kitu bure asirudi kunidai. Mtu akufungulie nyumba yake yote, hapa ndipo tulipopigana, hawa ndio wazee wetu, hiki ndicho kiapo chetu, kwa lipi? Nani anajifunza habari za nyumba ya mtu kama hahamii?

Na mimi hayo ya maswali na majibu nayajua. Shangazi yangu Mwanvita, dada yake baba, aliugua mguu akapelekwa misheni kutibiwa, wakamtibu vizuri, siwasemi vibaya, mguu ukapona. Lakini jioni wakikaa pale wanafundishwa, swali, jibu, swali, jibu, kwa kuimba. Karudi nyumbani mzima, mnene, anaitwa Magdalena. Babu yangu hakupiga kelele. Alisema tu, mimi mtoto wa jina hilo sina. Na mpaka anakufa hakumtaja tena, si kwa jina hili wala lile, shangazi akija anapita nyuma kwa wanawake, anakaa jikoni na sisi, anaondoka. Mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa namletea maji. Alikuwa akiniuliza, baba kaniulizia? Namwambia ndiyo. Uongo.

Niko wapi, Mwanajuma? Eeh. Kwenye simu.

Siku hiyo Najma yuko ndani, mimi nachambua mchele nje ya dirisha, namsikia anauliza, watu gani walichukuliwa wakapelekwa Amerika wakauzwa kama watumwa? Halafu akajibu, Waafrika. Walitoka Afrika. Akarudia mara mbili. Mchele ukanimwagika. Sisi watu wa huku hayo ndiyo ya kusomeshwa? Si wageni wanaletwa hapa kwa mabasi kuonyeshwa minyororo? Nikasema basi, hawa wanataka kumchukua mtoto wangu na wanamwambia waziwazi watakavyomfanya, na yeye anaitikia! Mmoja nimewapa, mama yake, na huyu wanamtaka?

Kesho yake maji yakatoka, Najma akaenda kwenye mwani, simu kaiacha inachaji. Nikaichukua. Sikuiba, mwanangu, niliichukua. Nikaitia kwenye sanduku langu ambalo mtu hafungui, maana ndani kuna sanda yangu, pamba yangu, kafuri na sabuni yangu, kila kitu tayari, nisimsumbue mtu. Siku ile nzima ililia. Nguo yote ile juu yake na bado inaunguruma, sanduku linatetemeka, Najma anasema Bibi mbona nasikia mlio, namwambia mashine ya kusaga ya kina Mosi hiyo. Nikawa nikiisikia nakohoa. Siku ya pili ikakata roho yenyewe.

Sasa sikiliza balaa. Siku ile ile alikuwepo Maulidi, fundi wa makuti, juu ya paa la jiko langu anaezeka. Najma kurudi, simu hakuna, na mtu mwingine hapa hakuna, akamwuliza kwa adabu, kaka Maulidi, simu yangu hukuiona? Maulidi akashuka, akaacha paa nusu, akasema mimi nimepanda mapaa ya kijiji hiki chote hajanivunjia heshima mtu. Kaondoka. Mkewe hanisalimu. Kisimani wanawake wamegawanyika. Na mimi nilikaa pale pale mkekani, mdomo nimeufunga. Hilo ndilo linalonila.

Wazee wakasema wamalize maneno, isomwe Halbadiri. Mwizi ajulikane. Wewe labda umekaa sana Dar es Salaam umesahau, mtu akiibiwa huku na mwizi hakujitokeza, wanakaa watu na Mwalimu, wanasoma Halbadiri, wanataja majina ya watu wa Badri, na aliyechukua yatamfika, wengine huvimba tumbo, wengine ulimi. Maulidi mwenyewe ndiye aliyesema isomwe, tena kwa nguvu! Mwalimu Mikdad yuko Miono kwa harusi, akirudi tu inasomwa, barazani kwangu, na uji na halua nipike mimi. Yaani nipike mimi uji wa kuniapiza mimi.

Nikamwita Mwanajuma nikamwambia yote, nikampa daftari la Najma anisomee. Kasoma, ni yale yale, katiba yao inaanza kwa maneno gani, Sisi Wananchi, rais akifa nani anashika, na mwisho kuna kiapo. Kiapo, mwanangu! Kinasema mtu anaikana nchi aliyotoka. Mwanajuma akasema pembeni mwa kila ukurasa Najma kaandika, rudia hapa, taratibu hapa, hapa huwa anasahau. Nani anasahau? Kuna mwenzake? Wako wangapi?

Na Saida naye simwelewi. Siku moja kabla sijaichukua simu, alipiga akaniambia, mama niombee dua, tarehe ishirini nina jambo langu nasimama mbele ya watu. Jambo gani? Dogo tu mama. Nikamwambia mwanao wanamtaka huko, unajua? Akasema mpe Najma simu. Wakafunga mlango. Hata mwanangu anajua na mimi sijui, ndani ya nyumba yangu!

Basi niambie wewe uliyesoma. Hao wa mtandaoni ni watu gani, wanamtakia nini Najma? Simu nikiitoa, nitasema ilifikaje chini ya sanda? Na Halbadiri, je, inamshika na aliyechukua kwa nia njema, au inaangalia... Ngoja. Nani huyo? Najma ananiita. Nini? Mwalimu? Si alisema wiki ijayo? Yupo barazani, na Maulidi yuko naye. Naja! Sema naja! Mwanajuma, nipe mtandio, hapana, huo mwingine, barua itie kwenye bahasha hivyo hivyo ilivyo, usi

*

BI MWAIJA ANAJIBU

Bibi, shikamoo. Majina yote tumeyabadili, na barua yako tumeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo tarehe ishirini. Mwanajuma, soma mpaka mwisho, usiruke penye ukali.

Bibi, umetega sikio miezi yote hiyo na jambo kubwa limekupita. Maswali yale serikali ya Amerika imeyaweka wazi, ni zaidi ya mia, na anayeulizwa ni mtu mmoja tu: aliyekaa kule miaka, anayeomba uraia wa kule. Anasimama mbele ya ofisa, anaulizwa kwa mdomo, anajibu kwa mdomo. Najma yuko Mlingotini. Hakuna wa kumwuliza. Sasa nani katika nyumba yako yuko kule mwaka wa kumi na moja, anasimama mbele ya watu tarehe ishirini, na anahitaji kurudiwa taratibu kwa sababu huwa anasahau?

Hakuna anayemchukua Najma. Najma anamsomesha mama yake. Anatafuta habari kwenye maktaba na makumbusho za huko, anaziweka kwa Kiswahili apate maana kwanza, anarekodi sauti anamtumia, na nadhani Saida anamsikiliza huku anatandika vitanda vya watu. Lile swali la watumwa liko katika orodha yao. Wanawauliza wageni wao dhambi yao wenyewe. Si mtego, na lau kama ungemwuliza Najma, usingemwaga mchele.

Ile simu iliyounguruma siku nzima mpaka ikafa, Bibi, ni mwanao alikuwa anapiga. Umemfungia binti yako darasa lake siku chache kabla ya mtihani, ukamwita mashine ya kusaga.

Sitakuonea. Pua yako haikukosea yote. Kitu cha bure mtandaoni kinastahili kushukiwa. Mwambie Najma ashike kurasa za serikali ile yenyewe, anwani zake huishia na nukta na herufi g, o, v, na maktaba na makumbusho zinazojulikana. Atakayemwomba ada, picha ya pasipoti au namba ya siri, huyo ni mwizi, afunge. Na kiapo ulikielewa sawa: kinamtaka mtu aikane nchi aliyotoka, na sheria yetu hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Saida akiapa, wa kwetu anauacha. Siku hizi unasikika utaratibu wa hadhi maalumu kwa ndugu zetu walioko nje. Hayo yaulizwe Uhamiaji, si kwangu wala kisimani. Jina habadili asipotaka. Dini haiguswi.

Unadhani kwa nini alikuficha? Hiyo hadithi ya babu yako na shangazi Mwanvita hukunihadithia mimi wa kwanza. Saida ameisikia tangu mdogo. Anajua katika ukoo wenu mtoto akirudi na kitu kingine huacha kutajwa. Anaogopa kupita nyuma, kwa jikoni.

Maulidi je? Hapo sina huruma na wewe hata kidogo. Mtu anavunjiwa heshima juu ya paa lako, na wewe unajua, unakaa mkekani. Unaniuliza Halbadiri inamshika nani. Muulize Mwalimu Mikdad, mimi si mwalimu. Lakini mtu anayekohoa ili sanduku lisisikike tayari ameshikwa.

Kama uliokolewa siku ile na Halbadiri haijasomwa, fanya haya leo, jibu hili likimalizika. Fungua sanduku. Simu usiitupe uvunguni ukasema imeonekana, nakujua. Itie mkononi, inuka, nenda mwenyewe kwa Maulidi, uingie kwa mlango wa mbele, mkewe akiwepo, useme nilichukua mimi. Umwombe radhi hapo, kisha useme hivyo hivyo kisimani, wakati wanawake wamejaa, maana kisimani ndiko jina lake lilikochafuliwa. Uji upike, halua itoe, waalikwe Maulidi na mkewe, na paa amalizie akitaka.

Halafu mpe Najma simu aichaji. Usimwambie acha. Mwambie sogea. Wewe umehifadhi maswali kwa ukuta tu, hukuandika herufi, na binti yako labda bado anasahau maseneta mia. Mpigieni Saida, na akipokea asije akasikia kwanza ya kiapo wala ya uraia. Hayo mtayasema, tena kwa kirefu, baada ya tarehe ishirini. Mwite jina lake. Mwite mara mbili asikie ni wewe. Kisha uliza, kwa sauti yako hiyo hiyo ya kuuzia samaki, bendera ina milia mingapi, na umsubiri ajibu.