Sauti ya Baba na Betri Zilizoanikwa Juani

Iringa, Jumamosi jioni, Julai 1976. Baridi kali. Ukungu haujatoka mjini tangu juzi, vidole vimekufa ganzi, na mimi nacheka peke yangu chumbani.

Nimeshinda.

Nimeliandika neno hilo hata kabla sijavua koti, maana wiki nzima ukurasa huu umepokea malalamiko tu. Leo nimevimba kichwa, nakubali. Anayetaka kunisema aje anisemee mlangoni.

Baba na kaka yake, ninayemwita Baba Mkubwa, hawajasemezana miaka sita. Baba aliondoka Ilula alfajiri moja na maksai wawili wa familia, akaenda kulima mpunga Igawa, kule Usangu. Hakuaga. Sasa watu wa upande wa mchumba wangu wanakuja mwisho wa mwezi kujitambulisha, na Baba amevunjika mguu, hawezi kusafiri. Wa kuwapokea wageni ni Baba Mkubwa, hakuna mwingine. Naye alishasema hapokei mgeni wa mtu ambaye hajamwomba radhi.

Barua ilipelekwa, akairudisha. Kwetu radhi huombwa kwa kinywa. Ile barua, alisema, ilikuwa na maneno ya karani, si ya mdogo wake.

Ndipo nikapata wazo, na wazo ni langu, asije mtu akalidai. Mimi nina redio kaseti mpya, niliyojinunulia kwa kazi yangu ya kupiga chapa. Karani mmoja kule Igawa ana kinasa sauti cha zamani. Baba aseme kule, Baba Mkubwa asikie huku. Kinywa ni kinywa hata kikipita kwenye kaseti. Baba Mkubwa aliwaza siku mbili, akakubali.

Kaseti ikaja Jumamosi iliyopita na basi la kutoka Mbeya, imefungwa kwenye kitenge pamoja na barua ya mdogo wangu Yuditha. Jumapili nikaipeleka Ilula moja kwa moja bila kuisikiliza. Ningewezaje? Radhi ya mkubwa haisikilizwi na mtoto kabla ya yule anayeombwa. Adabu zangu ndizo zilizoniponza.

Nikabonyeza. Badala ya Baba ikatoka sauti nyembamba, inakimbia, kama kifaranga anayefukuzwa uani. Mama Mkubwa alicheka mpaka akakaa chini. Baba Mkubwa hakucheka. Alisimama, akauliza kama mdogo wake amemtafuta mtoto wa shule aje kumwimbia ngonjera. Nikajaribu kueleza, nikajikanyaga. Akasema Jumamosi ikifika sijamletea sauti ya mtu mzima, yeye mwenyewe atakwenda kuwaambia wakwe wasije.

Nililia njia nzima mpaka Iringa. Sioni aibu kuandika.

Jumatatu nikaanza vita. Nilifuta vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti. Nikaizungusha kaseti kwa kalamu ya risasi, mbele na nyuma, mpaka kidole kikachubuka. Bado kifaranga. Jumanne nikabeba redio yangu hadi kwa Mzee Kanji, mwenye duka niliponunua, nikambwatukia mbele ya wateja kwamba ameniuzia kitu kibovu. Mzee wa watu alichukua kaseti ya kwaya, akaitia humo humo, na kwaya ikaimba vizuri, sauti zote nne, kila mtu mahali pake.

Nilitamani ardhi ipasuke. "Redio yako nzima, binti," akasema. "Hasira zako ndizo zimezidi volti."

Jumatano sikula. Niliipiga ile kaseti mara ishirini kwa ukaidi tu, nikaipiga tena Alhamisi nilipotoka kazini. Ndipo betri zangu zikaanza kuchoka. Na jamani! Kadiri zilivyochoka, kifaranga alianza kunenepa. Akawa mtoto. Akawa kijana. Halafu, kwa muda mfupi sana, akakohoa, na kikohozi kile nakijua tangu nikiwa mgongoni. Baba!

Kisha betri zikazidi kuisha, Baba akazama, akawa ananguruma kama fahali aliyelala, halafu kimya.

Nilirukia barua ya Yuditha. Siku ile niliisoma haraka, nikacheka tu, nikaikunja. Aliandika hivi: "Mashine ya karani iligoma, basi betri zikaanikwa juu ya bati kutwa nzima, jioni ikakubali kuzunguka polepole." Kumbe! Sote tunaanika betri juani zikiisha, nani asiyefanya? Lakini betri za kuanika zina nguvu kidogo. Mashine ilizunguka kichovu ilipomnasa Baba, na yangu yenye betri mpya ikamkimbiza. Kosa halikuwa la redio wala la kaseti. Ili nimpate Baba, mashine yangu nayo ilipaswa ichoke kama ya karani.

Hapo nikawa fundi. Redio yangu inakula betri sita. Tatu mpya na tatu zilizochoka: kijana. Mbili mpya na nne zilizochoka: Baba mwenyewe! Lakini anadumu dakika chache tu, halafu anaanza kuzama. Ningefika Ilula na mtu anayeyeyuka njiani. Ilibidi nimhamishe kwenye kaseti nyingine akiwa bado mzima.

Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, nikarudi kwa Mzee Kanji, mpole kama kondoo. Nilimwomba msamaha kwanza, kwa kinywa. Akacheka, akatoa redio kaseti yake, tukaziweka uso kwa uso juu ya kaunta. Kitufe cha kurekodia kikakataa kushuka. Nikakisukuma, kikakataa, nikataka kukipiga ngumi. Mzee Kanji akanionyesha nyuma ya kaseti ya nyimbo niliyonunua ya kumhamishia Baba: vile vidude viwili vya pembeni vilikuwa vimevunjwa, na kaseti ya hivyo hairekodi kitu. Akakunja vipande vya karatasi ya pipi, akaziba matundu yote mawili. Kitufe kikashuka taratibu.

Mara ya kwanza tulinasa cherehani ya barazani na mteja anayeuliza bei ya kanga. Mara ya pili Mzee Kanji alifunga mlango, akamsihi fundi cherehani apumzike, akatufunika mimi na redio zote mbili kwa blanketi la dukani. Nilikaa mle gizani, jasho linanitoka kwenye baridi ya Iringa, nimebana pumzi kama mwizi. Baba akasema yake yote mpaka mwisho. Sikuziba masikio, Mungu anisamehe. Ningejuaje kama amehama salama?

Leo asubuhi nikaenda Ilula. Baba Mkubwa alikuwa ameshavaa kofia ya kwenda kwa wakwe. Nikapiga magoti nikamwamkia, nikatia betri mpya sita, nikabonyeza.

"Kaka, ni mimi. Nilichukua maksai, nikakuachia jembe la mkono. Nilikosa. Niliona aibu kuaga, na aibu ikakua kila mwaka."

Kikohozi. Mwisho.

Baba Mkubwa alivua kofia. "Amezeeka," akasema. Halafu akasema, "Rudisha." Nikarudisha mara tatu. Mama Mkubwa alikuwa analia waziwazi, anafuta macho kwa upande wa kanga. Mara ya nne Baba Mkubwa akaniuliza kama mashine hii nayo inaweza kusikia. Nikageuza kaseti upande wa pili, nikabonyeza kitufe cha kurekodia.

Akaikaribia. "Kamwene," akaisalimu kwa Kihehe. Akanyamaza. Akaendelea kunyamaza. Nikamnong'oneza kwamba haijibu. "Najua," akasema. "Namwachia nafasi."

Kisha akamwambia mdogo wake kwamba wageni atawapokea, na maksai wale wameshasamehewa, awazike tu wakifa. Akasema mengi mengine ambayo siyaandiki hapa kwa sababu si yangu.

Mimi nilikuwa nimeshakosa akili kwa furaha. Nikasema nitaituma kaseti Igawa kesho na basi la Mbeya. Akanitazama kana kwamba mimi ni mjinga. Asitumwe mtu, alisema, anakwenda mwenyewe. Atapanda basi Ilula, nami nipande hapa Iringa, na redio yangu.

Nikauliza, kama anakwenda mwenyewe, kaseti ya nini tena?

Aligeuza kofia mikononi.

"Nikifika pale nikashindwa kusema," alisema, "wewe bonyeza."

Nguo nimeshapanga. Basi linapita mapema, na wa kubonyeza ni mimi.