Viatu vya Mhina

Mkata, Jumanne usiku

Bado nacheka peke yangu, mpaka mume wangu amehamia sebuleni.

Mhina, aliyekata mivule kwenye makaburi ya babu zetu, alimwapia hakimu kwamba hakujua ni mahali pa tambiko. "Mheshimiwa, niliona pori tu. Nilitaka mbao za ghala la ujamaa."

Niliogopa ataaminiwa. Hakimu ni mgeni, na kijiji kizima kinalitaka hilo ghala.

Leo akatupeleka huko huko, akaone mwenyewe. Tulipofika ukingoni mwa pori hilo, Mhina akainama akavua viatu, kama tulivyofundishwa sote utotoni kabla ya kukanyaga mahali pa tambiko. Hakuna aliyemwambia!

"Mhina," hakimu akauliza, "mbona unaingia porini peku?"

Hata mama yake Mhina akaangua kicheko.

Amepigwa faini, na kesho anaanza kupanda miche pale pale. Peku, bila shaka.