Kufuli Lililoigizwa Msibani

Rafiki yangu Mihambo,

Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma. Bado napakua magunia kwenye ghala lile la Kariakoo. Mahali pako wamemweka mtu wa Songea. Akipanga, safu inakaa upande, na nyapara humwambia, "Marehemu alikuwa akiyapanga kama meno." Ulipokuwa hai, nyapara huyo huyo alilisogeza gunia moja makusudi, ili tucheke ukirudi kulinyoosha. Leo anakusifu. Simwamini.

Lakini nakuandikia kwa ajili ya Pazi. Siku ya kukuzika, watani zetu Wazaramo walikuja kama ilivyo ada, na mtani hakasirikiwi msibani. Pazi, mmoja wao, akavaa kofia yako. Akafunga mlango wetu, akalivuta kufuli, akaenda hatua nne, akarudi. Mara saba, kama ulivyofanya wewe kila asubuhi. Watu walicheka mpaka waliobeba jeneza wakasimama. Kisha akaliinamia kufuli akalinong'oneza, "Umefunga? Niambie kweli."

Hapo sikucheka. Maneno yale uliyasema asubuhi tukienda kazini, tukiwa wawili tu mlangoni. Nani alimpa?

Nikamshuku mwenye nyumba, maana ukuta wake una tundu. Nikamshuku mama anayeuza uji karibu na mlango wetu. Wiki tatu nilikuwa nikinyamaza kila mtu akikaribia. Mwisho nikamkabili Pazi kwa muuza kahawa, Msimbazi.

"Mnyamwezi we, unaniuliza mimi?" akasema. "Si wewe uliyetuigizia hapa hapa, wakati wa Ramadhani, baada ya futari? Ulitufundisha mpaka sauti. Mimi nimeazima tu."

Nikamwita mwongo. Kusema uongo ndiyo kazi ya mtani. Lakini muuza kahawa aliendelea kuosha vikombe vyake, hakunitazama, wala hakunitetea. Nikakumbuka jinsi walivyocheka, na jinsi nilivyofurahi kuchekesha.

Lililobaki sikuwaambia, Mihambo. Kwamba jasho lilikutoka. Kwamba uliniambia ukirudi mara sita tu, mama yako kule Tabora hataamka. Ulijua ni upuuzi, ulisema mwenyewe ni upuuzi, na machozi yakakutoka, na ukarudi tena. Kama ningewaambia hilo, nani angecheka? Ndiyo maana nililificha.

Sasa kaka yako anakuja kwa treni kwa ajili ya arobaini. Pazi amekwisha sema atacheza tena, na siwezi kumzuia mtani. Naogopa kaka yako ataona mchezo ule, arudi nao nyumbani, na mama yako asikie kwamba mwanawe alikuwa kichekesho cha mjini.

Nakuahidi hivi. Nitampokea stesheni kabla hajakutana na mtu. Nitamweleza uliyemwogopea ni nani. Kisha nitamwambia ni nani aliyeitoa siri yako. Akikataa kula nami, nitakula peke yangu.

Pumzika, ndugu yangu. Mama yako yu hai.

Ni mimi uliyekaa naye chumba kimoja,
Kapela