Mapango ya Baba Kwenye Seva

Mjukuu wangu Amina, nakuomba barua hii usimsomee yeyote. Sisi hapa Kismayo tu wazima. Bibi yako anakusalimu.

Umeuliza seva ni nini. Nilipokuwa karani kijana wa ofisi ya wavuvi, baba alinitajia mapango yake ya kamba mawe, wale kamba wakubwa wa miambani, huko kisiwani Chovai, siri ya ukoo. Nikayaandika kwenye tovuti ya ofisi yasisahaulike, nikidhani yamo ndani ya kompyuta yangu tu. Kumbe yalikuwa kwenye seva, kompyuta ya mbali inayomfungulia ukurasa kila anayeuomba. Wageni wakayasoma, wakawamaliza kamba wote mapangoni.

“Nimeyafuta, baba,” nikamwambia.

“Na vichwani mwa wachu, utafuta?” akaniuliza kwa lahaja yetu, yaani vichwani mwa watu.

Hakumwambia mtu kuwa siri niliitoa mimi, mpaka kufa. Ndugu zangu bado hawajui.

Jibu lako usilitume kwa simu. Mpe shangazi yako wa Burgao, anikabidhi mkononi.