Kumpita Ngosha

Jumatatu, 4 Agosti

Kernel mpya, moyo wa mfumo wa kompyuta, imeua sauti tena. Asubuhi nzima nimebishana na terminal, lile dirisha la amri, huku wateja wakisubiri kopi za vyeti. Nimerudisha ya zamani, sauti ikarudi. Ningeiacha ya zamani tangu mwanzo nisingehangaika. Siwezi. Kitu kikiwa kizima mkono unaniwasha mpaka nikifungue.

Baba Milembe anasema nina ugonjwa. Eti wanawake wenzangu wa Katoro wakipata faida wananunua vitenge, mimi nanunua RAM. Ni kweli. Lakini steshenari yetu yote inaendeshwa na Linux, si Windows, na flashi za wateja zinazokuja na virusi vya Geita nzima hazijawahi kuniangusha. Hilo halisemi.

Mchana umeme ulikuwepo, wateja hawakuwepo. Nikafungua gemu la vigari. Ngosha alishaingia, ananisubiri. Akanipita kwenye matuta ya jangwani kisha akaandika: "Mjukuu, hilo gari umeazima kwa nani?" Nina hasira mpaka sasa.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimemshinda. Nimemshinda vizuri.

Seva ya gemu ni yangu, iko kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza ya dukani. Tunaocheza ni wachache. Mwanafunzi mmoja wa Mbeya. Mwalimu wa Arusha ambaye nusu ya muda anaendesha kinyumenyume. Na huyu Ngosha, aliyetokea baada ya Pasaka. Jina halisemi kitu. Kila mwanaume wa Kisukuma ni Ngosha. Mimi humo ni Kipanga. Hakuna aliyewahi kuuliza kama kipanga ni dume au jike, na mimi sijasema.

Ananiita mjukuu, namwita babu. Basi njia ya matusi iko wazi, kama kwa babu na mjukuu yeyote huku kwetu. Leo nimemwandikia kwamba macho yake yameisha, nakuja kumchukua bibi. Akajibu: "Bibi anasema anatafuta mume anayejua breki." Nilicheka hadi mama aliyekuja kupiga picha za pasipoti akauliza kama amekaa vibaya.

Sina mtu mwingine wa kucheka naye hivi. Marafiki zangu wananipenda, lakini nikitaja Linux wote wanaangalia simu zao.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Duka nimefunga. Baba Milembe kaenda Songwa tangu jana kuwasalimia wazazi wake, karasha, mashine yake ya kusaga mawe ya dhahabu, kamwachia mwenzake. Motor ya karasha yenyewe imeanza kunuka moshi, kazi zimepungua, ndiyo maana anaondoka na roho nyepesi. Mimi nimebaki, Milembe ana mafua.

Siku mbaya. Nimejaribu gemu la vita la Windows kwa njia zote ninazozijua. Kioo cheusi. Nimebadilisha viendeshi vya kadi ya picha. Kioo cheusi, ila sasa na mshale katikati. Nikaingia kwenye vigari. Ngosha naye kacheza kidogo tu, akaaga kwamba ana mgeni.

Alasiri ikaja picha kwenye simu. Kaituma Baba Milembe. Baba yake amekaa mbele ya kompyuta, miwani imeshuka puani, ulimi nje kidogo. Chini kaandika: "Mwone mzee wangu! Uzee umemrudisha utotoni."

Nikaikuza ile picha. Kwenye kona ya kioo cha kompyuta kuna majina ya wachezaji. NGOSHA. Chini yake, Kipanga.

Nimekaa sakafuni. Milembe kauliza kama nimeanguka.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeenda kanisani, sikusikia neno.

Ni mkono wangu mwenyewe. Pasaka nilitengeneza flashi ya Linux ili kompyuta kuukuu ya Songwa ifufuke, shemeji yangu aitumie kusomea. Nikatia na gemu. Nikatia na anwani ya seva yangu, shemeji akitaka acheze na mimi. Shemeji kaenda chuo Mwanza, kompyuta ikabaki na mzee. Na mzee ni fundi umeme wa mgodi wa almasi, mstaafu. Hawezi kukaa karibu na mashine asiiguse. Ningejua kama ningefikiri. Sikufikiri.

Baba mkwe wangu. Sijawahi kula naye meza moja. Jina lake silitamki, na hata humu silitaji, ingawa hakuna anayesoma. Namsalimu nimepiga magoti, macho chini. Akitaka chumvi, anamtuma mtoto. Huyo ndiye niliyemwambia macho yameisha. Na bibi niliyesema nakuja kumchukua ni mama mkwe.

Naona aibu hadi masikio yanawaka moto.

Jumanne, 12 Agosti

Baba Milembe karudi jana. Leo nimemwambia.

Alicheka hadi akaegemea ukuta. Kisha akaacha ghafla, na hapo ndipo nilipoogopa. Kasema mzee asijue kabisa. Akijua, hatakanyaga tena hapa, na mimi kule Songwa sitakuwa na uso wa kwenda nao. Kipanga afe, kasema. Rahisi kwake.

Halafu kamalizia: mzee anakuja Jumamosi, kuitazama motor ya karasha.

Nikafungua seva mchana. Ujumbe ulikuwa unanisubiri. "Mjukuu, nakuja Katoro kwa mwanangu. Wewe si uliniambia uko hukohuko? Nataka nikuone hiyo sura isiyo na adabu."

Nimezima bila kujibu.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemwandikia kwamba nimehamia Kahama.

Alichelewa kujibu. Nilidhani mtandao. Kisha: "Haya. Nilitaka kukuletea karanga." Hakuna tusi, hakuna utani. Karanga tu. Nimejisikia mchawi.

Nimefungua printa ambayo haikuwa mbovu. Sasa ni mbovu. Natembea dukani kutoka mlangoni hadi kwenye mashine ya kopi na kurudi. Nikisema kweli nampoteza. Nikidanganya nampoteza pia, polepole. Babu wa kwenye gemu na baba mkwe wa Songwa hawawezi kukaa kwenye mtu mmoja, ndivyo tulivyolelewa. Mimi nawataka wote wawili. Nawataka kwa nguvu, na ni upuuzi.

Jumamosi, 16 Agosti

Amefika. Nikapiga magoti uani. "Shikamoo baba." "Marahaba." Akaangalia mti wa mpapai, mimi nikaangalia viatu vyake. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote ya siku.

Mezani nilisikia kutoka jikoni: "Milembe, mwambie mama yako mlenda umetulia." Milembe akaja kuniambia, ingawa ukuta ni mmoja na nilishasikia. Nikamwambia amwambie babu asante. Akaenda.

Kisha mzee akaanza kumsimulia mwanawe habari za kijana mmoja wa Kahama. Mtukutu, asiye na haya, lakini akishika usukani utadhani kazaliwa nao. "Yule angekuwa wa ukoo wangu," akasema, "ningelala usingizi mzuri." Baba Milembe akapaliwa na maji.

Mimi nimesimama nyuma ya mlango na sufuria mkononi. Nimefurahi, nimeumia, vyote pamoja. Sijui nifanye nini na moyo huu.

Jumapili, 17 Agosti

Imetokea.

Laptop ninayochezea niliificha chini ya nguo. Niliona nimemaliza. Nikaenda na Milembe kumwona jirani aliyejifungua. Huku nyuma Baba Milembe, kwa sifa zake, kampeleka baba yake aone duka la mkewe. Umeme ulikuwa umekatika, hapakuwa na cha kuogopa. Umeme ukarudi wakiwa humo ndani.

Na mimi, kwa kutopenda kuhangaika kila umeme unaporudi, niliipanga seva ijiwashe yenyewe. Ijiwashe, ifungue dirisha lake, iandike kwa herufi kubwa: Karibu. Msimamizi, Kipanga. Nilijivunia sana kazi ile.

Nilipofika mlangoni mzee alikuwa amesimama mbele ya kioo, mikono nyuma. Baba Milembe kwenye kona, kama mtu aliyevunja chungu. Mzee akageuka, akanitazama usoni. Usoni kabisa. Tangu niolewe hajawahi. Kisha akainamisha kichwa akatoka, na kwa kawaida ni mimi ninayetoka.

Motor ameimaliza jioni hii hii. Kesho anaondoka asubuhi. Chakula kasema kashiba.

Jumatano, 20 Agosti

Hakuna Ngosha.

Baba Milembe hagombi. Afadhali angegomba. Anarudi kutoka kwenye karasha na vumbi lake, anakula, anasema motor inaunguruma vizuri, anasinzia. Jana nikamuuliza kama mzee amepiga simu. Akasema mtandao wa Songwa unasumbua. Mtandao wa Songwa hausumbui. Niliupima mwenyewe kwa miezi, nikimfukuza yeye kwenye kona.

Kila mchana nafungua seva. Mwanafunzi wa Mbeya yuko peke yake, anazunguka. Namchukia bure, maskini.

Leo niliandika amri ya kufuta kila kitu. Seva, gemu, vyote. Kidole kikakaa juu ya Enter. Mteja akaingia kuomba kuandikiwa barua ya kazi. Nikaifuta amri, nikamwandikia barua yake. Nilimwandikia vibaya, akairudisha.

Sitaki kuwa mkwe mwema asiye na mtu wa kucheka naye. Nimeandika. Ni kweli.

Jumamosi, 23 Agosti

Wamenipigia kutoka ofisi ya mabasi. Mzigo wako kutoka Shinyanga, njoo haraka, unapiga kelele.

Kuku. Mzima, kwenye kitenga, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Tetea mweupe, mnene. Hakuna salamu iliyokuja naye. Nimempakata kwenye bodaboda hadi nyumbani, sielewi kitu.

Nikampigia mama mkwe. Shikamoo mama, marahaba, Milembe hajambo. Kisha nikauliza ni kuku wa nini.

"Wa baba yako," akasema. "Toka arudi huko hali vizuri. Anasema amemtukana mke wa mwanawe mchana kweupe, tena kwa miezi. Kwetu mtu akimkosea mkwe anatoa kuku. Wewe hukuliona hilo kwenu?"

Nilikuwa nimeegemea friji. Siku zote hizi nimejiona mimi ndiye mkosaji, na yeye kule Songwa amekaa na kosa lilelile anaona ni lake. Nikamwambia mama, hapana, mimi ndiye niliyeanza. Tena wewe mwenyewe nilikutaja, mama, nilisema maneno mabaya, nisamehe.

 Kisha nikasikia anacheka, kicheko cha mtu aliyejaribu kukizuia.

"Mayu, mama yangu, mimi nilikuwa nimekaa hapo pembeni nachambua mchele. Ananisomea kila kitu. Lile la breki nilimtungia mimi, yeye angelijua wapi?"

Nikacheka na machozi. Nikamuuliza basi sasa iweje. Akasema yeye hajui. Mzee ni mzee, na ukwe ni ukwe. Kuku mmle, msimfuge. Akifugwa ina maana kosa nalo linafugwa.

Jumapili, 24 Agosti

Tumemla. Baba Milembe kala paja na firigisi, akasema kama makosa yote ya mzee yana mchuzi huu basi akosee tena. Nimempiga kwa mwiko. Ni mara yangu ya kwanza kucheka na yeye tangu ile Jumapili.

Lakini sijatulia. Kuku amelipa kilichopita. Cha mbele nani ajuaye.

Jumatano, 27 Agosti

Mchana. Duka tupu. Nje vumbi.

NGOSHA ameingia. Hakusalimia. Nami sikuandika. Ningeandika nini? Babu siwezi tena. Baba mkwe humo ndani, mbele ya mwanafunzi wa Mbeya, siwezi pia.

Tukaanza. Njia ya msituni. Nilitangulia. Nikamwona kwenye kioo cha nyuma, anakuja taratibu, hasukumi. Kule Songwa nikikutana naye kwenye kijia, mimi natoka njiani, nasimama kwenye majani, naangalia chini hadi apite. Sikuamua. Mikono ilifanya yenyewe. Nikatoa gari njiani, nikasimama kwenye majani.

Akafika. Akapunguza mwendo. Nikangoja apite.

Hakupita. Akatoa gari lake upande wa pili, naye akasimama kwenye majani.

Baba mkwe hampishi mkwe. Sijawahi kuona, sijawahi kusikia, wala kwa bibi yangu. Tukakaa hivyo, yeye kule, mimi huku, njia tupu katikati. Mwanafunzi wa Mbeya akatupita, akaandika: "Vipi wazee, mmekwama?" Hakuna aliyemjibu. Akatupita tena.

Mteja akaingia, anataka kopi ya kitambulisho. Nikamwambia asubiri kidogo. Akaniuliza kama macho yanauma. Nikamwambia ni vumbi.

Gari la Ngosha halikusogea. Nikaelewa kwamba halitasogea, hata kama tutakaa hapo hadi umeme ukatike. Amenipisha. Kusimama zaidi kungekuwa ndio utovu wa adabu.

Nikajifuta uso. Nikarudi njiani, nikakanyaga mafuta, nikapita mbele yake. Nilipoangalia kioo cha nyuma alishaingia barabarani, anakuja kwa kasi.